Kihisi si sensa

Ingia duka lolote la vifaa vya umeme Kariakoo, Dar es Salaam, ulizia taa inayojiwasha mtu akipita. Utaulizwa, "Unataka ya sensa?" Mafundi magari wa Gerezani nao wana sensa ya oksijeni na sensa ya joto. Neno limeshazoeleka, na sina ugomvi nalo dukani. Ila Agosti 2022 sensa ilihesabu Watanzania zaidi ya milioni 61. Ukiandika "sensa za Bonde la Msimbazi", msomaji atawaza makarani wenye vishikwambi wakigonga milango ya Kigogo.

Kiswahili kina mzizi wake: hisi. "Kihisishi" lingefaa, lakini wanasarufi waliliwahi zamani kwa ajili ya "Lo!" na "Salale!". Limebaki kihisi, wingi wake vihisi. Wapo wanaosema kitambuzi; mimi sikubaliani nao. Kifaa hiki hakitambui lolote. Kinapima tu, anayetambua kwamba kipimo hicho ni mafuriko ni mwingine.

Tuseme tumefunga kihisi cha mawimbi ya sauti chini ya daraja la Jangwani, kikiangalia Mto Msimbazi. Kinatoa mlio usiosikika kwa sikio la binadamu, kisha kinasubiri mwangwi. Sauti hewani huenda takriban mita 340 kwa sekunde. Mwangwi ukirudi baada ya sekunde 0.01, sauti imetembea mita 3.4 kwenda na kurudi, hivyo maji yako mita 1.7 chini ya kifaa. Likipita godoro linaloelea, na Msimbazi hubeba magodoro, kihisi kitapima godoro. Ndiyo maana kipimo kimoja hakiaminiwi. Huchukuliwa kadhaa, cha katikati ndicho kinachotumwa.

Lakini kihisi kimoja Jangwani kinachelewa. Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu, unapita Vingunguti na Kigogo, ndipo ufike Jangwani na kumwaga maji baharini penye Daraja la Selander. Mvua inaweza kupiga Pugu huku Kariakoo kukiwa na jua, na maji yakafika baadaye. Desemba 2011 mafuriko yaliua zaidi ya watu 40 jijini, na waathirika wengi wa mabondeni wakahamishiwa Mabwepande. Mwaka 2018 maji yaliingia karakana ya mwendokasi palepale Jangwani na kuharibu mabasi. Vinahitajika vihisi vingi kando ya mto, kila kimoja kikipokea habari ya mwenzake wa juu na kuipeleka chini kwa redio ndogo. Huo ndio mtandao wa vihisi. Kila kifundo cha mtandao huo, yaani kihisi na redio yake, hutumia betri, na ili betri idumu kifundo hulala karibu muda wote, kikiamka kila baada ya dakika chache kupima, kutuma, kisha kulala tena.

Je, mtandao huo ni "usio na waya" au vihisi ni "visivyo na waya"? Fungua kifaa uone: waya zimejaa. Kisichotumia waya ni mawasiliano, kwa hiyo sifa ishikamane na mtandao: mtandao pasiwaya wa vihisi.

Lakini vihisi hupima tu; kuchukua hatua ni kazi ya udhibiti, na hilo ndilo neno gumu zaidi. Kwa Mtanzania, udhibiti ni mamlaka kama EWURA ya nishati na maji na LATRA ya usafiri wa ardhini: leseni, nauli, bei ya mafuta. Kwa mhandisi udhibiti ni mzunguko: pima, linganisha na unachotaka, chukua hatua, pima tena. Udhibiti ukiitwa wa kiakili, maana yake kifaa kinafuata busara ya mtu mzoefu, si fomula peke yake. Mmoja wa waanzilishi wake, Ebrahim Mamdani, alizaliwa Tanzania mwaka 1942. Mwaka 1975, akiwa Queen Mary College, London, yeye na mwanafunzi wake Assilian walichapisha jaribio la kuendesha injini ndogo ya mvuke kwa kanuni za maneno: mgandamizo ukiwa chini kidogo na hali haibadiliki, ongeza joto kiasi.

Jangwani kanuni ingekuwa hivi: maji ya Kigogo yakiwa mengi na yanapanda kasi, washa taa nyekundu za barabarani Magomeni na Fire, pande mbili za daraja, kabla trafiki hajafika; yakiwa mengi lakini yanashuka, subiri. "Mengi" ni sentimita ngapi? Mhandisi hatoi namba moja. Anapanga ngazi: kina hiki ni mengi kwa kiwango cha 0.3, kile kwa 0.8, kile kingine kwa 1, yaani mengi kabisa. Na ngazi zenyewe hazidumu. Mchanga ukishajaa chini ya daraja, maji ambayo mwezi uliopita yalipita Kigogo na Jangwani salama, leo yanapanda Barabara ya Morogoro. Katapila likishachota mchanga huo, ngazi hupangwa upya.