Usiku Nilipookota Jiwe

Watu wengi hudhani kwamba elimu ni ngome ya kuzuia hofu. Mimi pia nilidhani hivyo hadi mwaka 1995, nilipokuwa nikisomesha baiolojia katika skuli moja ya sekondari mjini Unguja. Mwaka huo ndipo alipotujia Popobawa.

Kwa msomaji asiyeijua habari hiyo, naomba niieleze kwa ufupi. Katika Ramadhani ya mwaka 1995, mwezi wa Februari, ilizuka kisiwani Pemba habari ya kiumbe aingiaye majumbani usiku. Jina lake ni popo na bawa. Ilisemwa kwamba anayevamiwa huelemewa kifuani, asiweze kunyanyua mkono wala kupiga kelele, na kwamba wanaume kwa wanawake hufanyiwa vitendo vya aibu. Kisha, eti, huamrishwa awasimulie wenziwe, akinyamaza, atarejewa. Hebu utazame ujanja wa uvumi huo: ulibeba ndani yake amri ya kuenezwa. Haukukawia kuvuka bahari hadi Unguja, na baadaye Dar es Salaam.

Wanafunzi waliponiuliza, niliwajibu kwa kujiamini. Niliwaambia kwamba wazee wetu walikuwa na neno lake tangu zamani: jinamizi. Mtu anapoota, ubongo huilegeza misuli ili asije akaitenda ndoto yake kwa mikono na miguu. Mara nyingine fahamu huamka kabla ya misuli kurejewa na nguvu. Mtu hufumbua macho, akakiona chumba chake, na wakati huo huo ndoto haijamtoka. Huhisi uzito kifuani na mtu karibu yake. Watu wa Newfoundland, huko Kanada, hulisimulia jambo hilo hilo kwa habari ya bibi kizee anayewakalia kifuani. Mchoraji Henry Fuseli alilichora mwaka 1781. Somo lilikuwa zuri, na hata leo sioni kosa ndani yake.

Lakini usiku ulipoingia, mtaa wetu wa Ng'ambo ulihamia nje. Watu walitandika mikeka na majamvi mbele ya nyumba, wakawasha moto, wakakesha kwa mazungumzo. Mke wangu alitoka na watoto. Nilibaki ndani peke yangu usiku mmoja, nikisikiliza mabati yakilia kwa upepo. Usiku wa pili nami nilibeba mkeka wangu. Jirani mmoja akacheka: "Ala, mwalimu, na wewe?" Nikamjibu kwamba ndani kuna joto. Hivyo ndivyo akili inavyofanya kazi mbele ya hofu: haiizuii, huitafutia sababu ya heshima.

Usiku wa nne au wa tano, yapata saa tisa, mtu alipiga ukelele: "Yule! Yule kule!" Nilitazama nikaona kitu cheupe kikija uchochoroni, na kando ya bega lake bawa likining'inia. Sikumbuki kuinuka. Nakumbuka tu kwamba nilikuwa nimekwisha simama pamoja na wanaume wengine kumi au zaidi, na mkononi mwangu mna jiwe. Nilikuwa tayari kulirusha. Namwambia msomaji ukweli huu kwa sababu kwa miaka mingi sikumwambia mtu.

Aliyetuokoa alikuwa bibi mmoja jirani, mwanamke aliyeishia chuoni na hakutia mguu skuli. Alitangulia mbele yetu, akanyanyua kandili, akauliza kama wanavyouliza wazee: "We mtoto wa nani?" Sauti ya kitoto iliyojaa kilio ikataja jina la baba yake. Alikuwa kijana wa kwenye tanuri la mikate, anarudi kazini, amejaa unga mwili mzima, na gunia tupu begani. Tulikuwa tukimjua tangu akitambaa.

Si wote waliopata bahati hiyo. Katika msimu ule ule, mjini Unguja, kundi la watu lilimuua mgonjwa wa akili aliyekuwa amekuja kutafuta matibabu, kwa kumdhania kuwa yeye ndiye Popobawa. Habari ile iliponifikia, sikuthubutu kusema "wajinga wale." Nilijua uzito wa jiwe.

Mwaka uliofuata, 1996, mwanasayansi wa Marekani, Joseph LeDoux, alitoa kitabu kuhusu ubongo na hisia. Anaeleza kwamba habari ya hatari hupita njia mbili. Moja ni fupi, huenda moja kwa moja kwenye amigdala, sehemu ndogo mfano wa lozi, ambayo huutayarisha mwili kupigana au kukimbia. Nyingine ni ndefu, hupitia sehemu za juu za ubongo, ambako mambo hupimwa. Ya kwanza hufika mapema lakini huona kwa ukungu. Imewaokoa mababu wengi na nyoka, na mara nyingi nyoka huyo alikuwa kamba.

Lakini nadhani ubongo peke yake hautoshi kuueleza mwaka ule. Tulikuwa tukiuelekea uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu Mapinduzi ya 1964. Majirani walikuwa wameacha kuamkiana, na wapo waliosema kwamba Popobawa ametumwa na chama cha wenzao. Uchaguzi wenyewe, mwezi wa Oktoba, uliishia kwa asilimia 50.2 dhidi ya 49.8. Watu waliokwisha kuogopana mchana hawakuhitaji mengi ili waone bawa usiku. Popobawa alisikika tena miaka ya baadaye, mathalan Dar es Salaam mwaka 2007.

Somo langu la jinamizi halikuwa na makosa, ila lilikuwa mbali nami saa tisa ya usiku. Yule bibi hakutoa hoja yoyote dhidi ya Popobawa, na nasadiki kwamba alimwamini kuliko sisi sote. Alichofanya ni kuuliza swali moja na kungoja jibu. Katika kungoja huko akili yangu ilipata nafasi ya kunifikia, na vidole vikaliachia jiwe.

Yule kijana sasa ni mtu mzima mwenye watoto. Kila tukikutana huniamkia, "Shikamoo, mwalimu," nami humwitikia.