Waliohukumu Filamu na Vitabu Bila Kuulizwa

Mwaka 1935, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Waingereza wawili, Leslie Notcutt na Geoffrey Latham, walianza kutengeneza filamu za kuwafundisha Waafrika. Sehemu kubwa ya fedha ilitoka kwa shirika la Carnegie la Marekani. Ndani ya miaka miwili walikamilisha filamu fupi 35, zikiwamo za minyoo ya safura, malaria ya watoto, kilimo cha chai na faida ya kuweka akiba posta. Zilipakiwa kwenye lori pamoja na mitambo yake, zikazungushwa Tanganyika, Kenya na Uganda, kisha zikavuka mpaka hadi Nyasaland na Rodesia ya Kaskazini. Mradi ulitaka kujua Mwafrika anaipokeaje sinema, na mwaka 1937 wenyewe wakatoa kitabu kueleza waliyoyaona.

Baada yao akaja William Sellers. Yeye alikiongoza kitengo cha filamu za makoloni kilichoundwa London mwaka 1939. Sellers aliamini kwamba mtazamaji wa Kiafrika hawezi kufuata hadithi inayokwenda mbio. Filamu yake iende polepole, picha moja ikae muda mrefu, kamera isirukeruke, na hadithi isirudi nyuma wala kuchezea wakati. Imani hiyo ikawa kama sheria kwa filamu za serikali katika makoloni mengi, na ikadumu kwa miaka.

Wakati huohuo, watu wa Zanzibar na Dar es Salaam walikuwa wanakata tiketi kwa pesa yao wenyewe. Zanzibar ilikuwa na jumba la Royal tangu 1921, lililochorwa na msanifu John Sinclair na baadaye kuitwa Majestic. Liliungua, likajengwa upya mwaka 1955. Dar kulikuwa na Empire, Avalon na Odeon. Humo watu waliangalia picha za kauboi, za Tarzan, za Misri, na zaidi ya zote picha za Kihindi, zenye nyimbo, machozi na ngumi kwa takriban saa tatu. Wanawake walikuwa na maonyesho yao wenyewe, wanaume hawaingii. Siku za Idi foleni ilizunguka jengo na walanguzi wa tiketi walivuna.

Chukua mfano wa Awaara, filamu ya Raj Kapoor ya mwaka 1951. Inaanzia mahakamani, kijana akiwa kizimbani kwa kosa la kutaka kumuua jaji. Kisha hadithi inarudi nyuma miaka mingi: jaji huyo alimfukuza mkewe mjamzito, mtoto akakulia mtaani akawa mwizi, na sasa anahukumiwa bila kujulikana kuwa ni damu ya jaji mwenyewe. Katikati kuna ndoto ndefu yenye mawingu, mashetani na muziki. Kila alichokiogopa Sellers kimo humo ndani, na lugha ni Kihindi ambacho wengi waliokaa ukumbini hawakukijua. Hata hivyo filamu hiyo ilipendwa pwani yetu kuliko karibu nyingine yoyote. Mwanahistoria Laura Fair alihoji watazamaji wa zamani wa miji ya Tanzania kwa ajili ya kitabu chake Reel Pastimes, kilichotoka 2018. Alikuta watu wanaikumbuka Awaara na kuieleza kwa kina miongo mingi baada ya kuiona.

Kwa nini waliielewa? Kwa sababu hoja yake ilikuwa yao tangu zamani. Jaji wa Awaara anaamini kwamba mtoto wa mwizi lazima awe mwizi. Sisi tunasema mtoto wa nyoka ni nyoka, na tumebishana juu ya methali hiyo kabla projekta haijafika Unguja. Ukiliongeza swali la baba anayemkana mwanawe, la mke anayefukuzwa kwa neno la watu, na la penzi la masikini na binti wa kitajiri, unapata mazungumzo ya baraza nzima kwa wiki nzima. Hukumu iliyotoka barazani ilikuwa ya watu wanaojua ndoa, mirathi na aibu ya ukoo. Nani angeweza kuihakiki filamu hiyo vizuri zaidi yao?

Tena maoni yao hayakuishia kwenye maneno. Watu walitoka ukumbini na nyimbo mdomoni, na nyimbo zikahamia kwenye taarabu. Juma Bhalo wa Mombasa, aliyefariki mwaka 2014, alijenga jina lake kwa mashairi ya Kiswahili yaliyoimbwa kwa mahadhi ya Kihindi. Wimbo wa filamu uliopendwa ulivishwa maneno mapya ukapigwa harusini. Usiopendwa ulisahaulika. Huo nao ni uhakiki, na ni mkali.

Kwenye vitabu mambo yalikwenda vivyo hivyo, ila wasomaji walikuwa wachache na wapinzani wao walikuwa wasomi wa nyumbani. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alishinda shindano la uandishi wa hadithi la mwaka 1957-58 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kikachapwa 1960. Msomaji alikutana na Bwana Msa, mtu wa kiko na maswali mengi, anayefumbua mauaji kwa kufikiri mahali ambapo wengine wote wamekwisha kuyatupia mizimu. Watu walimtaka arudi, na alirudi: Kisima cha Giningi, Duniani Kuna Watu, Siri ya Sifuri na vinginevyo. Mwaka 1965 Faraji Katalambulla akatoa Simu ya Kifo, na hadithi ya upelelezi ikawa imehamia bara. Mwaka 1974 Elvis Musiba akamleta Willy Gamba katika Kufa na Kupona. Jasusi huyu anavaa vizuri, anapenda starehe, na anapigana na vibaraka wa Makaburu. Kijana wa enzi hizo aliyesikia habari za ukombozi wa Kusini mwa Afrika redioni kila jioni alizikuta tena kwa Musiba, safari hii zikiwa na bastola.

Vyuoni vitabu hivyo viliwekwa kwenye fungu la fasihi pendwa, na mara nyingi jina hilo lilitamkwa kwa kudharau. Ilisemwa vinaiga Wazungu, vinawapumbaza watu, havijengi taifa. Sikubaliani. Bwana Msa alifundisha watu kutafuta ushahidi kabla ya kumshuku jirani, na Willy Gamba aliwapa vijana shujaa Mwafrika anayeshinda. Kama hilo si kujenga, sijui ni nini. Kosa la wahakiki wale lilikuwa lilelile la Sellers: walimwamulia msomaji bila kumuuliza alichokipata. Mwandishi Ben Mtobwa alilielewa jambo hili vizuri. Baada ya kumwandika mpelelezi wake Joram Kiango, akaanzisha mwenyewe kampuni ya kuchapa vitabu, Heko.

Mfano ulio mzito zaidi ni Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka 1971. Zakaria, baba mkali na mlevi wa Ukerewe, anamchunga binti yake kwa kipigo. Binti akifika mbali na macho ya baba anaharibikiwa, na mwisho wake ni kifo. Wakubwa waliona ni kitabu cha matusi, kikazuiwa shuleni. Wasomaji hawakukubali hukumu hiyo. Walikinunua, wakaazimana, wakagombana: kosa ni la baba, la binti, la wanaume wa mjini, au la sote? Miaka ikapita, na kitabu kilichozuiwa kikawa cha kawaida katika sekondari za Tanzania na Kenya. Kabla mitaala haijabadilika, maoni ya wasomaji yalikuwa yamekwisha kubadilika.

Turudi kwenye filamu. Video zilipoingia miaka ya 1980, majumba makubwa yakaanza kufa na vibanda umiza vikazaliwa: bati, mabenchi, televisheni moja na jenereta pembeni. Humo steringi na adui walijadiliwa kwa sauti picha ikiendelea. Kutoka kwenye kelele hizo akatokea mtu mpya kabisa, msimulizi. Dar es Salaam alivuma Lufufu, aliyetia sauti yake juu ya picha za Marekani, Hong Kong na India. Hakutafsiri maneno tu. Aliwapa wahusika tabia za mtaani, akawaonya, akawacheka, akaeleza mila za mbali kwa mifano ya karibu. Kenya wana DJ Afro, na Uganda wasimulizi wa Kiganda wakawa maarufu kama waigizaji. Kile alichokuwa akikisema mtazamaji wa benchi la nyuma sasa kilirekodiwa na kuuzwa pamoja na filamu yenyewe. Mwandishi wa historia ya sinema Afrika Mashariki akiwaacha wasimulizi hawa ataandika nusu ya habari.

Filamu ya Girlfriend ya George Tyson ilipotoka 2003, watazamaji walipata picha za kwao kwa wingi. Walizipenda, na kwa kuwa walizipenda walizikemea: mbona kila hadithi inakatwa sehemu ya kwanza na ya pili ili tununue mara mbili? Mbona tunaiga Nollywood? Mbona sauti haisikiki? Malalamiko hayo yalikuwa ya haki, na watayarishaji wengi walichelewa kuyasikia. Lakini alipofariki mwigizaji Steven Kanumba tarehe 7 Aprili 2012, akiwa na miaka 28, maelfu kwa maelfu walifurika viwanja vya Leaders na barabara za Kinondoni kumzika. Hakuna tuzo inayoweza kusema zaidi ya umati ule.

Shida ni kwamba karibu yote haya hayajaandikwa. Filamu zina hifadhi, vitabu vina maktaba, ila maneno ya waliotazama na kusoma yako vichwani mwa wazee, na kila mwaka tunawapoteza. Vyuo vyetu vinaweza kuwatuma wanafunzi kuwahoji. Redio zinaweza kuwaalika. Na wewe unayesoma, kama kwenu yupo bibi aliyekwenda Majestic siku za wanawake, au mjomba aliyemaliza vitabu vyote vya Musiba, muulize alipenda kipi, alichukia kipi na kwa nini. Kisha liandike jibu lake kama alivyolitoa, pamoja na jina la jumba na mwaka akiukumbuka.