Udarizi wa Mashine katika Mji wa St. Gallen

Biashara ya udarizi wa mashine, yaani kutia kitambaa nakshi za uzi kwa mtambo badala ya mkono, ina chimbuko lake katika mwaka 1828, Josué Heilmann wa Mulhouse alipobuni mtambo wenye sindano nyingi zilizoongozwa na fundi mmoja aliyefuatisha mchoro kwa pantografu, kifaa cha kunakilia michoro kwa kipimo kingine. Wafanyabiashara wa St. Gallen, mashariki mwa Uswisi, waliugeuza ubunifu huo kuwa chanzo cha utajiri kwa kuwapa wakulima wa vijijini kitambaa na uzi, kisha kuwalipa kwa kila mishono 100, huku wake na watoto wao wakitunga uzi sindanoni. Mtambo wa Isaak Gröbli wa mwaka 1863, uliotumia nyuzi mbili kama cherehani, uliongeza kasi ya kazi, na kufikia mwaka 1910 udarizi uliongoza bidhaa za Uswisi zilizouzwa nje. Hata hivyo, Vita Kuu ya Kwanza na mabadiliko ya mitindo ya mavazi viliiporomosha biashara hiyo iliyotegemea anasa za wateja wa mbali.