Jiwe, Gundi na Bawa

Barabara ya Nairobi kwenda Nakuru ikishapita Gilgil huteremka kuelekea Ziwa Elmenteita katika Bonde la Ufa, na huko ndiko iliko Kariandusi. Ni mahali pa rangi mbili. Kuna weupe wa diatomaiti, unga uliotokana na maganda ya mwani mdogo mno ulioishi katika ziwa la kale. Jirani yake kuna udongo wa kahawia ambamo msafara wa mwanaakiolojia Louis Leakey wa mwaka 1928 na 1929 ulikuta mashoka ya mkono yakiwa bado yamelala katika tabaka lake. Umri wa mashoka hayo leo unakadiriwa kuwa karibu miaka milioni 1.

Shoka la mkono halina mpini. Ni jiwe lililochongwa pande zote mbili hadi likapata ncha na makali, likashikwa kiganjani. Wachongaji wa Kariandusi walitumia hasa mawe ya aina mbili, na kila moja lilidai mkono wake. Obsidiani, kile kioo cheusi cha volkano, humeguka kwa wepesi na kuacha ukingo mkali kuliko kisu, lakini pigo likienda pembeni kidogo tu, kazi yote imeharibika. Trakiti, lava ya kijivu, ni kaidi. Hutaka pigo zito, na haikupi makali kama yale. Aliyezoea jiwe moja hangeweza kuhamia jingine bila kujifunza upya.

Mwaka 1994 watafiti John Gowlett na Robin Crompton walichapisha uchunguzi wa vipimo vya mashoka haya. Waliuliza swali ambalo mhandisi yeyote wa ndege angelielewa mara moja: chombo kikiongezwa ukubwa, je, vipimo vyote huongezeka kwa uwiano uleule? Jibu ni hapana. Shoka kubwa la Kariandusi si nakala ya dogo iliyokuzwa. Ukirefusha jiwe na kulipanua na kulinenepesha kwa kiasi kimoja, uzito huongezeka upesi kuliko urefu, na mkono huchoka. Kwa hiyo umbo lilirekebishwa. Ninapolisoma hilo huona kwamba hesabu ya uzito na nguvu ilifanyika hapa bondeni, kwa vidole, kabla binadamu wa namna yetu hajazaliwa.

Ufundi huo ulirithishwa vipi? Hatuna sauti zao, lakini tuna mawe, na jiwe halifundishiki kwa maneno peke yake. Leakey mwenyewe alijizoeza kuchonga, na alikuwa akiwaonyesha watu jinsi ya kuchuna mnyama kwa zana alizozitengeneza papo hapo. Anayejifunza leo hupitia njia hiyohiyo: huvunja mawe mengi mpaka mkono ujue pembe ya pigo, nao mlundo wa vipande vilivyoharibika humzunguka miguuni.

Mabadiliko makubwa yalikuja pale jiwe lilipounganishwa na kitu kingine. Upande wa pili wa bonde, karibu na Elmenteita, Leakey alichimba Pango la Gamble miaka hiyohiyo ya 1920. Humo hakukuwa na mashoka mazito bali vibamba vyembamba vya obsidiani, vingine vidogo kuliko kidole. Mgongo wa vibamba vya aina hii ulibutuliwa makusudi, kwa kuwa kibamba hakikukusudiwa kushikwa kwa mkono. Kilipachikwa kwenye mti au mfupa. Jiwe lilileta makali, mti ukaleta urefu na wepesi, gundi ikavishika pamoja. Hicho tayari ni chombo cha nyenzo mseto, maana kila kiungo hufanya kazi ambayo mwenzake hawezi.

Gundi ndiyo iliyokuwa mtihani. Mtafiti Lyn Wadley wa Afrika Kusini alifanya majaribio kwa kufuata mabaki ya pango la Sibudu, ambako watu walipachika mawe kwenye mipini miaka karibu 70,000 iliyopita. Aligundua kwamba utomvu wa mti peke yake hautoshi. Ukichanganywa na unga wa udongo mwekundu na kukaushwa taratibu karibu na moto, hushika vizuri zaidi. Moto ukizidi, gundi hutoa mapovu na kudhoofika. Fundi alilazimika kuangalia rangi, kugusa unato, kupima umbali wa moto, vyote kwa wakati mmoja. Mafundi wa resini za kisasa bado huongeza unga kwenye gundi kwa sababu hiyohiyo, na diatomaiti ni mojawapo ya unga unaotumika viwandani kujazia rangi na plastiki.

Ndege za kwanza kuruka juu ya bonde hili nazo zilikuwa za mti, nguo na gundi. Florence Kerr Wilson alianzisha Wilson Airways Nairobi mwaka 1929 kwa ndege ya aina ya Gipsy Moth, ambayo mabawa yake ni fremu ya mbao iliyovikwa nguo na kupakwa rangi maalumu ya kuikaza. Beryl Markham, aliyekulia Njoro, alivuka Atlantiki mwaka 1936 kwa Vega Gull, ndege nyingine ya mbao na nguo. Kisha alumini ikatawala, na kwa miongo mingi fundi wa ndege alikuwa mtu wa bati na ribiti.

Mambo yaligeuka tena na Boeing 787. Nusu ya uzito wa ndege hiyo ni nyenzo mseto, hasa nyuzi za kaboni zilizoloweshwa resini, na kiwiliwili chake ni mapipa ya kaboni badala ya mabati yaliyopigiliwa. Ethiopian Airlines ilipokea ya kwanza mwaka 2012, na Kenya Airways ikafuata Aprili 2014. Kati ya miaka hiyo kulitokea jambo lililowashtua mafundi wote. Tarehe 12 Julai 2013, ndege ya Ethiopian ikiwa imeegeshwa Heathrow, London, bila abiria, betri ya kifaa cha ishara za dharura ilishika moto na kuunguza paa la kiwiliwili karibu na mkia. Wengi waliuliza kama pipa la kaboni lililoungua linaweza kutengenezwa. Lilitengenezwa palepale Heathrow, na Desemba mwaka huohuo ndege ikarudi kazini.

Mafunzo ya kazi ya namna hiyo huanza na sikio. Mwanagenzi hupewa kipande cha kaboni na sarafu, akagonga inchi baada ya inchi. Palipo pazima hulia kwa sauti kali. Tabaka zilipoachana, sauti hufifia. Kaboni haibonyei kama bati. Gari la mizigo likiigusa, uso unaweza kubaki laini huku ndani kumepasuka, na hilo ndilo linalowatia mafundi wasiwasi kuliko yote.

Kisha huja msasa. Eneo bovu huondolewa kwa mteremko mrefu sana, tabaka moja baada ya jingine, mpaka ngazi zionekane kama mistari ya ramani ya mlima. Vipande vipya hukatwa na kuwekwa kila kimoja kwa mwelekeo wa nyuzi za tabaka kinalolibadilisha, digrii 0, 45 au 90. Fundi akikosea mwelekeo mmoja, kiraka kitapendeza kwa macho na kushindwa kubeba mzigo. Kitambaa chenye resini huhifadhiwa kwenye friza, na muda wake nje huandikwa kwenye daftari, kwa kuwa resini inaendelea kuiva polepole hata mezani. Mwisho kiraka hufunikwa kwa plastiki, hewa ikafyonzwa yote, blanketi la umeme likapandisha joto hatua kwa hatua hadi nyuzi 121 au 177 za Selsiasi, kulingana na resini.

Pembeni ya kiraka hupikwa kibao kidogo cha majaribio, kwa kitambaa kilekile na joto lilelile. Hicho ndicho kinachopelekwa kwenye mashine na kuvunjwa. Kisipofikia nguvu inayotakiwa, kiraka hung'olewa na kazi huanza upya na msasa.