Nguo Isiyo na Mshono

Mimi ni fundi cherehani, na nguo ninayouza kwa wingi kuliko zote ni ile nisiyotakiwa kuishona. Msimu wa Hija ukikaribia, wanaume huingia dukani kwangu Ngamiani, hapa Tanga, mmoja mmoja, wakiulizia ihramu. Nawatandikia mezani vipande viwili vyeupe, kimoja cha kujifunga kiunoni na kingine cha kujitanda mabegani. Mtu mzima aliyekwisha kushonewa suti ya harusi na kanzu za Idi chungu nzima husimama akavitazama, akavigeuza, kisha huniuliza, "Sasa dada, ndiyo napanda nazo ndege hivi hivi?"

Swali lake ni la zamani kuliko ndege. Katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim kutoka kwa Ibn Umar, mtu mmoja alimwuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, aliyehirimia, yaani aliyekwisha kunuia Hija au Umra, avae nini. Akajibiwa kwa kutajiwa asichovaa: kanzu, vilemba, suruali, burnusi, na viatu vya ngozi vinavyofunika vifundo vya miguu. Fundi akilisikia jibu hilo analielewa upesi. Yote yaliyotajwa ni mavazi yaliyotengenezwa kwa kufuata umbo la kiungo. Uzi wenyewe haukukatazwa. Mteja akitaka nimpindie ncha zisifumuke, nampindia. Mkanda wenye mfuko wa zipu wa kutilia pasipoti nao hauna neno, ingawa umeshonwa kila upande. Kinachoachwa nyumbani ni mkono wa shati, mguu wa suruali na duara la kofia, yaani ule ufundi wote aliouacha marehemu baba mikononi mwangu.

Ugumu uko kwenye kuvaa lini. Mtume aliweka mikati, mipaka ambayo mwenye kwenda Hija au Umra haivuki ila amekwisha kuhirimia: Dhul-Hulaifa kwa watu wa Madina, Juhfa kwa watu wa Sham, Qarn al-Manazil kwa watu wa Najd, Yalamlam kwa watu wa Yemen. Baadaye watu wa Kufa na Basra walimwendea Khalifa Umar wakamweleza kuwa Qarn iko kando ya njia yao na kuifuata ni mashaka. Akawaambia watazame mahali panapolingana nayo katika njia yao wenyewe, akawawekea Dhat Irq. Neno hilo la kulingana ndilo lililokuja kuzibeba meli, na baada ya meli, ndege.

Sisi wa mwambao tulikuwa watu wa Yalamlam, kwa sababu tulitokea kusini kwa bahari. Jahazi lilipanda Arabuni kwa kusi na kurudi kwa kaskazi. Hija lakini haifuati upepo, inafuata mwezi, nayo hurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka. Ilikuwako miaka ambayo kusi na Hija vilikutana vizuri, na ilikuwako miaka ambayo mtu alilazimika kuondoka na upepo uliopo, akakaa ugenini miezi akingoja Mfunguo Tatu, mwezi wa Hija, uandame. Mfereji wa Suez ulipofunguliwa mwaka 1869, na kampuni ya British India ilipoanza mwaka 1872 kuleta meli ya barua kati ya Aden na Zanzibar, mwenye nauli aliacha kuuhesabu upepo.

Babu yangu mzaa baba alikwenda kwa meli, katika miaka ya kati ya vita vikuu viwili. Alichokuwa akikisimulia zaidi ni Kamaran, kisiwa kilicho kando ya pwani ya Yemen katika Bahari ya Shamu. Huko Waturuki walifungua karantini mwaka 1882 kwa hofu ya kipindupindu, na Waingereza wakakiteka kisiwa mwaka 1915. Mahujaji walishushwa, wakavuliwa nguo, wakaogeshwa, na nguo zao zikatiwa kwenye tanuri la mvuke. Babu alisema zilirudi zimekunjamana kama majani yaliyochemshwa, na za rangi zimeambukizana. Kisha safari ikaendelea, mpaka wakati fulani meli ikapiga honi ndefu. Ilikuwa sawa na Yalamlam, ingawa hakukuonekana kitu ila maji na ukungu wa joto. Wanaume wakaoga kwa ndoo juu ya sitaha, wakavaa, wakaanza talbiya, ule mwito wa mahujaji.

Alichovaa kilikuwa bafta. Vijana siku hizi hulisikia neno hilo msibani tu. Kuanzia miaka ya 1830 wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walileta Zanzibar kitambaa cha pamba kisichopaushwa, na mpaka leo wazee hukiita marekani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilipoikata biashara hiyo, viwanda vya Bombay vikaingia mahali pake. Bafta ni ile iliyopaushwa ikawa nyeupe, nayo ndiyo ya sanda. Bibi alimkatia babu bafta yake, akaikunja mara nne, akailaza chini kabisa ya sanduku. Hakumwona amevaa hata siku moja. Hakuna mtu wa Tanga aliyemwona. Ihramu ilikuwa nguo ya huko mbali, iliyovaliwa baharini mbele ya wasafiri wenzake, na aliporudi alirudi na kanzu.

Nataka msomaji alishike hilo, kwa sababu ndilo ndege ililokuja kulibadilisha.

Ndege ziliingia katika Hija kidogo kidogo. Mwaka 1952 mahujaji zaidi ya 3,000 walikwama Beirut na siku zinakwisha, wakasafirishwa hadi Jidda kwa ndege za jeshi la anga la Marekani. Aprili 1964 Malcolm X alipanda ndege Cairo kwenda Jidda, na katika wasifu wake ameeleza walivyobadili nguo kabla ya kuondoka, umati mzima wa wanaume wenye vipande viwili vyeupe na makubadhi. Oktoba mwaka huo huo alifika kwetu, Dar es Salaam. Mimi humkumbuka kwa vile alikuwa mtu wa suti na tai, na alieleza bila kificho kwamba ndani ya nguo zile hakuna aliyeweza kumtambua mfalme kwa mkulima.

Kwenye meli ulikuwa na nafasi ya kuoga na kujifunga taratibu. Ndege inakwenda kama kilomita 900 kwa saa, yaani kilomita 15 kila dakika, na mstari wa mikati huupita mtu akiwa anatafuta mkanda wa kiti. Tazama ramani: Tanga, Zanzibar, Dar es Salaam na Jidda zote ziko karibu na mstari wa 39 wa longitudo, na Makka iko hapo hapo jirani. Ndege ya moja kwa moja kutoka Dar es Salaam huelekea kibla tangu inapopaa, kiasi cha kilomita 3,200, saa nne na kitu. Walikuwako wanazuoni, Sheikh Abdullah bin Zayd Al Mahmoud wa Qatar mmoja wao, walioona kwamba msafiri wa angani anaweza kuhirimia Jidda akishatua. Oktoba 1986 Baraza la Fiqhi la Jumuiya ya Nchi za Kiislamu lilikaa Amman likaamua vingine: anayekuja kwa ndege ahirimie anapolingana na mikati, asingoje Jidda. Kwa kuwa choo cha ndege ni kidogo na foleni yake ni ndefu, uamuzi huo kwa vitendo una maana kwamba mtu aoge na kuvaa kabla hajatoka, kisha anuie akiwa angani.

Baba alifanya hivyo miaka mitatu kabla ya Amman, kwa kuwasikiliza masheikh wetu. Mwaka huo, 1983, ulikuwa wa msako wa wahujumu uchumi, na madukani nguo ilikuwa ya kusikia. Kiwanda cha Urafiki kilikuwapo Dar es Salaam tangu 1968, lakini sisi huku kitambaa tulikipangia foleni, tukarudi mikono mitupu. Cherehani ya baba ilikaa wiki nzima imefunikwa. Fundi mzima alikuwa na nafasi ya Hija, na hakuwa na mita nne za kitambaa cheupe. Mzee mmoja wa mtaa wa pili alipopata habari alituma mjukuu wake na kifurushi. Ndani yake mlikuwa na bafta aliyojiwekea ya sanda. Alisema yeye haendi leo.

Tulimsindikiza baba hadi Dar es Salaam, tukafikia kwa baba mdogo, Kariakoo. Nilikuwa na miaka 11. Alasiri ya safari aliingia kuoga, akakawia, kisha mlango wa chumba ukafunguliwa akatoka amevaa. Watoto tukanyamaza sote pamoja. Sisi bafta tulikuwa tumeiona amevishwa bibi yetu mwaka wa nyuma, akiwa amelazwa kitandani, na sasa ilikuwa inatembea na kuuliza ndala ziko wapi. Mama alilia. Shangazi aligeuza uso ukutani. Baba akasimama katikati ya ua akijifungua na kujifunga upya mpaka kitambaa kilipokaa sawa, akatuita mmoja mmoja akatushika kichwa.

Babu alikwenda kuivaa mbali. Baba aliivaa mbele yetu, kwa sababu ya mwendo wa ndege. Sijaona kitabu kinacholitaja jambo hili, nami naliona kubwa: ndege ndiyo iliyoileta ihramu nyumbani, ikawafanya mke na watoto wamwone mtu wao katika nguo ile angali hai.

Aliporudi alitusimulia Al-Kaaba, Arafa na Zamzam, kisha akatusimulia paa. Kiwanja cha ndege cha Jidda kilifunguliwa mwaka 1981, na jengo la mahujaji limeezekwa kwa mahema 210 ya kitambaa kilichofumwa kwa nyuzi za kioo na kupakwa teflon. Mhandisi wake alikuwa Fazlur Rahman Khan, Mwislamu wa Bengali aliyefanya kazi Chicago katika kampuni ya Skidmore, Owings & Merrill, naye alifariki Jidda kwenyewe mwaka 1982. Jengo hilo lilipata Tuzo ya Aga Khan ya usanifu majengo mwaka ule ule wa baba. Yeye habari hizo hakuwa nazo. Alikaa chini ya paa hilo saa nyingi, shingo juu, akitafuta kitambaa kimeungwa wapi.

Wateja wangu wa leo wengi hawapati ndege ya moja kwa moja. Hupitia Ghuba, na njia hiyo huwatoa Yalamlam ikawapeleka Qarn al-Manazil, upande wa Taif. Nilipokwenda mwenyewe mwaka 2014 tulilala kiwanjani Ghuba usiku mzima. Mwanamke hana ihramu ya vipande viwili. Huvaa nguo zake za heshima, rangi yoyote, uso wazi na viganja wazi, na soksi anaruhusiwa. Nilikuwa na gauni pana la pamba nililojishonea, buibui na soksi nene, nikalala. Wanaume waliokuwa wamevaa tangu Dar es Salaam walitetemeka kwa baridi ya viyoyozi. Tangu hapo nampa mteja ihramu ya taulo la pamba, nzito, wala simuuzii ya bafta nyepesi kama hana blanketi. Blanketi ajifunike, ila kichwa akiache wazi. Na wale waliozoea kikoi huwatambua mara moja kwenye ndege: wao hawana pini, wamekunja, wamesokota kiunoni, wanatembea. Waliokulia suruali hushika kiuno kwa mkono mmoja hadi Jidda.

Katika kundi letu alikuwamo mzee wa Pangani. Nahodha alipotangaza kwamba baada ya nusu saa tutalingana na mikati, mzee akainuka, akafungua begi lake la mkononi, akapekua, akapekua tena. Ihramu yake ilikuwa kwenye begi kubwa, tumboni mwa ndege. Sheikh wa kundi alimtuliza akamweleza hadithi ya Ibn Abbas, kwamba asiyepata shuka ya kujifunga avae suruali. Mzee machozi yalikuwa yanamlengalenga.

Nilikuwa na doti moja ya kanga, mpya, nimeikata lakini sijaipinda. Doti ni vipande viwili. Havina mshono, na upana wake unamtosha mwanamume kiuno hadi chini ya goti. Nikamwonyesha sheikh. Akavishika, akanusa kama vina manukato, akasema weupe ni sunna, si sharti, na nguo ndiyo hii. Mzee akaenda chooni, akarudi amejifunga kipande kimoja na kujitanda kingine, upande wa maandishi ameukunjia ndani. Watu walimpisha njia. Alikaa, akanuia, akaanza talbiya kwa sauti iliyokuwa imekwama, na viti vya karibu vikaipokea.

Baba alifariki mwaka 1996. Ihramu yake aliifua kwa maji ya Zamzam akaihifadhi, na yule mzee wa mtaa wa pili alikwisha kurudishiwa bafta yake siku nyingi, mita kwa mita, mara nguo zilipoonekana tena madukani. Sanda ya mwanamume ni vipande vitatu. Mama alifungua sanduku akatoa viwili, vimekuwa rangi ya maziwa kwa ukale. Cha tatu nilikikata mimi, juu ya meza yake mwenyewe, kwa mkasi wake, sikukipinda.