Kivuli cha Kamukunji

Ukitoka Shauri Moyo kuelekea Gikomba, utasikia nyundo kabla hujaona fundi. Hapo mapipa ya mafuta hugeuzwa majiko, karai na masanduku ya shule. Mafundi hao waliitwa jua kali kwa sababu walifanya kazi bila paa, huku kanjo wakiwatimua kila mara.

Mnamo 1985 Rais Moi aliwatembelea, kisha wakajengewa vibanda. Serikali haikuwaletea mashine wala mwekezaji. Iliwapa kivuli na ruhusa ya kubaki, na wao wakafanya mengine.

Miaka ya 90 soko lilipofunguliwa, mitumba ilimwagika na viwanda vikubwa vya nguo vikayumba. Rivatex ya Eldoret ilifunga, mpaka Chuo Kikuu cha Moi kikainunua 2007. Kamukunji nyundo hazikunyamaza.

Tangu 2013, masoko na leseni za biashara ziko mikononi mwa kaunti. Kama Nairobi inataka kuamsha kazi za mikono Eastlands, ianzie hapo: stima, maji, choo, na karatasi ya kumhakikishia fundi kwamba kesho hatabomolewa. Nani atanunua mashine ya maana na hajui atalala wapi nayo?