Taa ya matumbawe laini nyumbani: Kwa nini iliyo kali zaidi siyo bora

Anayetaka kufuga matumbawe laini sebuleni kwake Mwenge hukutana mapema na swali moja: anunue taa gani? Wengi hukimbilia ile kubwa kuliko zote dukani, wakiamini kwamba tumbawe limezoea jua la baharini, hivyo mwanga ukizidi litanawiri zaidi. Wiki mbili baadaye tumbawe limejikunja, limepauka, na Luku imeisha kabla ya tarehe.

Matumbawe laini hayadai taa kali sana. Yanadai taa yenye rangi sahihi, inayoweza kupunguzwa nguvu, isiyopasha maji joto, na inayowaka kwa saa zilezile kila siku.

Tumbawe ni mnyama anayeishi kwa mwanga

Tumbawe siyo jiwe wala mmea. Ni kundi la wanyama wadogo waitwao polipu. Ndani ya miili yao huishi mwani wa chembe moja, ambao hutumia mwanga kutengeneza sukari. Sehemu kubwa ya chakula hicho huenda kwa tumbawe lenyewe. Kwa hiyo taa kwenye tangi la namna hii ni chakula kwanza, pambo baadaye.

Tofauti na matumbawe magumu, yale laini hayajengi mifupa mikubwa ya chokaa, hivyo mengi yanaridhika na mwanga wa wastani. Katika kundi hili wamo Sarcophyton, anayefanana na uyoga wa ngozi, Sinularia mwenye matawi kama vidole, na Xenia, ambaye mikono yake hufunguka na kufumba muda wote.

Siyo yote yanayoishi kwa mwanga, lakini. Dendronephthya, mwenye rangi kali za waridi na machungwa, hana mwani mwilini. Hula chembe ndogo zinazopita majini. Hata taa ya mamilioni haiwezi kumlisha, na kwa mtu anayeanza ni bora kumwacha kabisa.

Wati na lumeni hazitoshi

Kwenye boksi la taa, kitu cha kwanza kuonekana ni wati. Hizo zinaonyesha umeme unaotumika, siyo mwanga unaolifikia tumbawe. Lumeni nazo hupima mwanga kwa jicho la binadamu, ambalo huona zaidi kijani na njano. Mwani wa ndani ya tumbawe unategemea zaidi bluu.

Kipimo kinachosaidia ni PAR, yaani kiasi cha mwanga ambao mmea au mwani unaweza kuutumia. Jua la saa 6 mchana juu ya maji linaweza kufikia karibu 2,000. Matumbawe laini mengi hustawi kwenye 50 hadi 150 tu. Matumbawe magumu kama Acropora ndiyo yanayotaka 200 na kuendelea. Anayenunua taa ya Acropora kwa ajili ya Sarcophyton analipia mwanga ambao atalazimika kuupunguza.

Watengenezaji wengi wa taa za matumbawe hutoa chati ya PAR kwa kila kina cha maji. Mnunuzi aiulizie chati hiyo kabla ya kutoa hela, na aangalie namba ya kina ambacho tumbawe litakaa, siyo ile ya juu ya maji.

Bluu iwe nyingi kuliko nyekundu

Maji ya bahari humeza mwanga mwekundu kwanza, ndani ya mita chache tu. Bluu ndiyo inayofika chini zaidi, na mwani wa matumbawe umezoea hivyo. Taa nzuri iwe na bluu ya kutosha kati ya nanomita 420 na 480, pamoja na nyeupe kidogo ili jicho lione rangi vizuri. Kwa kipimo cha kelvini, taa nyingi za kazi hii ziko kati ya 10,000 na 20,000.

Taa ya dari au ya kuoteshea mimea ya maji yasiyo na chumvi, mara nyingi ya kelvini 6,500, inang'aa vizuri machoni lakini bluu yake ni ndogo. Kinachonufaika haraka ni mwani wa kijani kwenye vioo.

Aina tatu, na hesabu ya Luku

Taa za halaidi zina nguvu, lakini hutoa joto jingi. Mirija ya T5 hutawanya mwanga vizuri bila vivuli vikali, ila hupungua nguvu na hubadilishwa kila baada ya mwaka hivi. LED hula umeme kidogo, hudumu miaka, na nyingi huruhusu bluu na nyeupe kurekebishwa kila moja peke yake. Kwa nyumba ya Dar es Salaam, LED ndiyo chaguo jepesi zaidi.

Hesabu yake ni rahisi: wati mara saa, gawanya kwa 1,000, unapata uniti. LED ya wati 50 ikiwaka saa 9 kwa siku hutumia uniti 0.45, sawa na uniti 13.5 kwa siku 30. Halaidi ya wati 250 kwa saa hizohizo hutumia uniti 67.5.

Namba hiyo ya pili siyo ndogo. Kundi la D1 la TANESCO, lenye bei nafuu, ni la nyumba zenye matumizi yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi. Halaidi moja inakaribia kuzimaliza zote, kabla ya friji, pasi na pampu za tangi lenyewe.

Joto la Dar linahesabika

Matumbawe mengi ya kufugwa hupendelea maji ya nyuzi 25 hadi 27. Mwezi wa Februari na Machi, chumba kisicho na kiyoyozi hupita 30 bila taabu, na taa inaongeza juu yake. Maji yakizidi joto, tumbawe huutoa mwani wake na kubaki jeupe. Ndicho kilichotokea baharini mwaka 1998, wakati wa El Niño, miamba ya Tanzania na Afrika Mashariki kwa jumla ilipopauka vibaya.

Feni ndogo inayopuliza juu ya maji hushusha nyuzi kadhaa. Maji yatapungua kwa mvuke, na yajazwe kwa maji safi yasiyo na chumvi, kwa sababu chumvi haipandi na mvuke. Tangi lisikae dirishani: jua la moja kwa moja hupasha maji na halina swichi.

Kuanza chini, kupanda taratibu

Taa mpya ianze chini ya nusu ya nguvu yake, iongezwe kidogokidogo kwa wiki tatu hadi nne. Tumbawe jipya liwekwe chini kwanza, lisogezwe juu baadaye. Muda wa saa 8 hadi 10 kwa siku unatosha, mfano saa 4 asubuhi hadi saa 1 usiku.

Tumbawe lenyewe hutoa majibu. Likipauka na kubaki limejikunja, mwanga huenda umezidi. Likirefuka kuelekea juu au kuwa la kahawia, huenda haujatosha. Lakini Sarcophyton hujifunga mara kwa mara kwa siku kadhaa na kuvua utando kama nta. Hiyo ni kawaida yake. Anayebadilisha taa kwa hofu wakati huo ndiye anayeleta tatizo.

Umeme ukikatika

Giza la siku moja haliliui tumbawe lenye afya. Kinachoua ni maji kusimama na hewa kuisha, jambo linaloweza kutokea ndani ya saa chache. Kama kuna betri moja, ipewe pampu ya hewa au ya kuzungusha maji, siyo taa.

Taima nayo iangaliwe. Ile ya kuzungusha kwa mkono husimama umeme ukikatika. Ukikosekana saa 4, taa itazima saa 4 baadaye kuliko kawaida kila siku hadi mtu airekebishe. Ya kidijitali yenye betri ndani haipotezi saa. Waya wa taa uachwe ulegee chini ya usawa wa soketi, ili tone la maji ya chumvi lidondoke sakafuni badala ya kuingia kwenye umeme.

Likifa, lingine litoke wapi?

Mwenge siyo mbali na bahari, na hapo ndipo kishawishi kinapoanza. Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini ni maeneo tengefu ya bahari tangu 1975, na yanalindwa na Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ya mwaka 1994. Kubandua tumbawe huko siyo ukusanyaji wa mapambo, ni kosa. Anayetaka kufuga aulize kwanza mamlaka za uvuvi kuhusu vibali, na amtake muuzaji aonyeshe karatasi za mzigo wake.

Njia salama zaidi ni kipande kilichokatwa kutoka kwa tumbawe lililokuzwa tangini. Sarcophyton na Xenia hukatika na kuota tena vizuri. Mfugaji mmoja mwenye taa sahihi anaweza kuwapa wenzake vipande kwa miaka, bila mtu yeyote kugusa mwamba wa Mbudya.